Faida na Wema: Fikira juu ya Simba wa Vidukari

Katika maneno ambayo mwanadamu huyatumia kila siku bila ya kuyapima, wema na ubaya huenda yakawa ya kwanza. Mvua iliyonyesha kwa wakati wake ni njema. Iliyonyesha mavuno yakiwa yameanikwa uwanjani ni mbaya. Mbwa abwekaye usiku mlangoni pa mwenyewe ni mwema. Yule yule akibweka mlangoni pa jirani ni mbaya. Mambo haya husemwa kwa wepesi, na kwa kuwa husemwa kwa wepesi hayaonekani kuwa na hatari. Walakini kila neno lina mizizi, na mizizi ya maneno haya mawili hufika mbali kuliko mvua na mbwa: hufika katika hukumu ambayo mtu humpa mtu mwenziwe. Swali linalotakiwa kupimwa hapa ni moja. Je, kinachofaa ni chema kwa sababu kinafaa? Kiumbe kidogo kimoja, ambacho aghalabu hupita machoni pa watu bila ya kutambuliwa, chaweza kulifunua swali hilo kwa uwazi kuliko mifano mingi mikubwa.

Kiumbe hicho ni mdudu wa jamii ambayo wataalamu huiita Chrysopidae. Aina zake zilizokwisha kuelezwa na wataalamu zapita 1,200, na huonekana katika sehemu nyingi za dunia zenye miti na majani, Afrika ya Mashariki ikiwa miongoni mwao. Mdudu mpevu ni mwembamba, rangi yake aghalabu ni ya kijani kibichi, na mbawa zake nne ni angavu, zimetandwa mishipa myembamba mfano wa kimia. Kwa hiyo katika kurasa hizi ataitwa mbawakimia. Macho yake hung'aa kama dhahabu, na jina lake la kitaalamu limetoka katika maneno ya Kiyunani yenye maana hiyo. Usiku huvutwa na mwanga wa taa, akatua ukutani au juu ya kitabu cha msomaji, mpole, mzito wa kuruka, asiye na mwiba wala sumu. Anayemwona hapo hawezi kuukisia utoto wake.

Utoto huo huanza kwa ajabu. Jike atakapo kutaga hugusa jani kwa ncha ya tumbo lake, akaacha tone la ute. Kisha huinua tumbo, na tone likavutika likawa uzi. Uzi hukauka upesi hewani ukasimama wima, na juu ya ncha yake jike huweka yai. Urefu wa uzi ni milimita chache, na pengine hukaribia sentimita moja. Watu wa zamani huko Ulaya walioyaona mayai hayo yakining'inia juu ya majani waliwahi kuyadhania kuwa namna ya uyoga mdogo. Faida za uzi huo zasemwa kuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba chungu na wawindaji wengine watambaao juu ya jani hawalifikii yai kwa urahisi. Ya pili ni ya kushangaza zaidi: buu anayetangulia kuanguliwa ana njaa, na yai la ndugu yake kwake ni chakula kama chakula kingine chochote. Kila yai limesimama peke yake juu ya uzi wake ili liepukane na adui wa nje na adui wa ndani.

Mtu akitazama jambo hili huona haraka alama ya malezi. Husema: mama huyu ni mwenye huruma, kwa kuwa amewajua wanawe na amewatenga wasidhuriane. Lakini mama huyo hatakuwapo yai litakapopasuka. Hatamwona mtoto hata mmoja, wala mmoja wao akimpita karibu hatamtambua. Uzi wafanya kazi ya ulezi, na ulezi wenyewe haupo. Mama wa kibinadamu awatengaye watoto wagombanao hufanya hivyo akitumaini kwamba siku moja watapatana. Mama wa mbawakimia hatumaini neno. Hivyo mwanzo kabisa wa habari hii waonyesha jinsi tendo linavyoweza kuwa na sura yote ya wema, na matokeo yake yakawa uhai, bila ya kuwapo moyo uliolikusudia.

Baada ya siku chache, kwa kadiri ya joto la mahali, yai hufunguka, na buu hushuka kwa uzi wake mpaka kwenye jani. Mwili wake ni mwembamba mbele na nyuma, mpana katikati. Ana miguu sita, na hujishikiza pia kwa ncha ya tumbo lake inayonata kila anapotembea. Mbele ya kichwa zimechomoza taya mbili zilizopinda kama mundu. Kila taya ni sehemu mbili zilizolazwa pamoja zikaacha mfereji katikati, hata ikawa jino na mrija kwa wakati mmoja. Buu hutembea akipapasa jani huku na huku mpaka agonge kiumbe laini. Kikiwa kidukari, yaani mmoja wa wale wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mimea, humshika kwa mundu mbili, pengine akamwinua juu miguu yake ikipapatika, akamtilia mate yanayomlegeza na kuyeyusha vilivyo ndani yake, kisha akafyonza. Kinachobaki ni ngozi tupu. Mtaalamu wa Kifaransa Réaumur, katika kitabu chake cha historia ya wadudu, juzuu iliyotoka mwaka 1737, aliwapa viumbe hawa jina la simba wa vidukari, na jina hilo limedumu mpaka leo katika lugha mbalimbali.

Buu hujivua ngozi mara mbili akakua, kwa hiyo ana vipindi vitatu vya maisha ya kula, na kipindi cha tatu ndicho cha ulafi mkubwa. Katika majuma mawili au matatu huweza kumaliza mamia ya vidukari. Hawachagui hao peke yao: hula mayai ya nondo, viwavi wachanga, utitiri, nzi weupe na kila chenye ngozi laini kisichoweza kukimbia. Chakula kikipungua, mabuu hulana. Watu wawafugao kwa ajili ya kuuza hulijua sana jambo hili. Kwa hiyo huwatenga kila mmoja katika kijumba chake, au huwapa mayai ya nondo kwa wingi na mahali pa kujificha ili wasikutane. Hata wale wamwitao buu huyu rafiki hawathubutu kumwacha na ndugu yake.

Kuna jambo moja zaidi la mwili wake linalostahili kutajwa. Tumbo la buu limefungwa nyuma. Njia kati ya tumbo na utumbo wa mwisho haipitiki. Anachokula huingia, na taka zake hukaa ndani yake utoto wote. Alipofikia ukomo wa kula hufuma kifuko cha hariri, duara, cheupe, na hariri hiyo haitoki kinywani kama ya kiwavi wa nondo bali hutoka nyuma. Ndani ya kifuko hugeuka umbo zima. Siku ya kutoka hukata kifuniko kidogo, akatambaa nje, akajivua ngozi ya mwisho, akakunjua mbawa. Ndipo autuapo mzigo wa taka aliouchukua tangu utotoni. Tangu hapo, kwa aina nyingi zijulikanazo zaidi kama Chrysoperla carnea, chakula chake ni asali ya maua, chavua, na majimaji matamu yanayodondoka kutoka kwa vidukari wenyewe. Aliyekuwa akiwaua sasa hulamba tone walilolidondosha. Usiku huwindwa na popo, na katika mishipa ya mbawa zake za mbele mna kiungo cha kusikia sauti ya popo. Aisikiapo hukunja mbawa akajiachia kuanguka. Hata hivyo si jamii nzima iliyoongoka hivyo: wako wengine, kama wale wa Chrysopa, ambao hata katika upevu wao huendelea kuua.

Hii ndiyo habari yenyewe, na mbele yake mwanadamu hutoa hukumu tatu. Kila moja yafaa kupimwa kwa zamu yake.

Hukumu ya kwanza ni ya mkulima. Yeye husema kwamba buu huyu ni mwema. Kidukari humfyonza mmea, humkunja majani, na aina nyingi za vidukari hueneza maradhi kutoka mmea mpaka mmea. Amwuaye mwizi wa shamba amemtendea wema mwenye shamba. Hoja hii haikubaki maneno tu. Katika miaka ya 1960 huko Texas, Marekani, watafiti Ridgway na Jones waliwaachia mabuu wa mbawakimia katika pamba ili wapunguze viwavi watoboao vitumba, na kazi yao ilikuwa mojawapo ya zilizofungua mlango wa biashara ya sasa. Siku hizi mayai na mabuu yake huuzwa katika nchi nyingi kwa ajili ya mashamba na nyumba za vioo, na sifa yake kubwa ni kwamba haachi sumu katika jani, maji wala udongo. Hakuna haja ya kuipunguza faida hii. Ni faida ya kweli, na mtu anayekula mboga isiyonyunyiziwa sumu ameipata.

Lakini na atazamwe mkulima mwingine. Huko India, hasa katika Jharkhand, watu hufuga juu ya miti mdudu mdogo aitwaye Kerria lacca. Mdudu huyo hujifunika utomvu mzito, na utomvu huo ukisafishwa hutoa ile bidhaa iliyotumika kwa karne nyingi kung'arisha mbao na kutengenezea lakiri ya kupigia muhuri barua na hati. Ni riziki ya jamaa nyingi za wakulima wadogo. Na miongoni mwa maadui wa mdudu huyo wanaohesabiwa na wataalamu wamo mabuu wa mbawakimia. Taya ni zile zile, mate ni yale yale, njaa ni ile ile. Tendo halikubadilika hata kidogo. Ila yule aliyekuwa askari katika shamba la pamba amekuwa mwizi katika shamba la lakiri. Kama wema ungekuwa ndani ya buu, ungesafiri pamoja naye. Usiposafiri naye, basi haukuwa ndani yake. Ulikuwa katika mfuko wa yule aliyemsifu.

Yuko mwingine pia ambaye hakuulizwa. Aina nyingi za chungu huwachunga vidukari kama mchungaji achungavyo ng'ombe. Huwagusa kwa papasi zao, wakapewa tone tamu, na huwafukuza wale wanaokuja kuwala. Kwa chungu, simba wa vidukari ni simba kwelikweli, avamiaye zizi usiku. Haifai kusema kwamba chungu wana shauri la kutolewa barazani. Lakini inafaa kukumbuka kwamba neno adui lina mwenyewe, na mtu asemapo tu kwamba fulani ni adui, bila ya kusema adui wa nani, ameficha nusu ya maneno yake.

Hukumu ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Husema kwamba buu huyu ni mwovu, kwa sababu si mwuaji tu bali ni mwuaji mwenye hila. Baadhi ya mabuu wa jamii hii hubeba takataka mgongoni: vipande vya majani, nyuzi, na hata ngozi tupu za wale waliokwisha kuwafyonza. Mfano mashuhuri ulielezwa mwaka 1978 katika jarida la Science na Thomas Eisner pamoja na wenzake watatu. Huko Marekani ya Kaskazini mna vidukari wakaao juu ya mti uitwao alda, na miili yao imefunikwa nta nyeupe mfano wa sufi. Chungu huwalinda. Buu wa Chrysopa slossonae huja, huchuma sufi kutoka miilini mwa vidukari, akaibandika mgongoni mwake, kisha akakaa katikati yao akiwala. Chungu humpita wasimtambue. Watafiti walipomvua vazi lake wakamrudisha pale, chungu walimshika na kumwondoa. Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu amezidi, kwa kuwa akula akiwa amevaa nguo yako mwenyewe.

Mtu asomapo habari hii moyo wake husisimka kwa chuki, kwa kuwa amewaona watu wa namna hiyo. Amemwona aliyeingia nyumbani kwa lugha ya nyumba ile akaibomoa. Walakini chuki hiyo imemkosa mhusika. Mwongo ni yule aujuaye ukweli akausema uwongo. Buu haujui ukweli wala uwongo. Havai sufi ili adanganye. Huvaa kwa sababu wale wasiovaa, vizazi kwa vizazi, walitupwa nje na chungu wasiache watoto. Na desturi yenyewe ni kongwe mno. Mwaka 2012 wataalamu walieleza buu aliyehifadhiwa katika kaharabu ya El Soplao, kaskazini mwa Hispania, mwenye umri wa miaka milioni 110 hivi, ambaye amebeba mgongoni nywele za mimea. Walimwita Hallucinochrysa diogenesi, kwa kuyakumbuka maradhi ya watu wakusanyao takataka, ambayo yamepewa jina la mwanafalsafa Diogenes. Ingawa Diogenes mwenyewe alisifika kwa kutokuwa na kitu. Vazi hilo lilivaliwa kabla ya kuwapo mwanadamu hata mmoja wa kudanganya au kudanganywa. Kumwita mvaaji wake mwovu ni kumvika buu vazi lingine, lile la makosa ya watu.

Hukumu ya tatu ni ya mtu aliyezichoka mbili za kwanza. Husema: basi maumbile hayana wema wala ubaya, nguvu hula unyonge, na hivyo ndivyo ilivyo kwa watu vilevile. Charles Darwin alilisikia shaka la namna hii. Katika barua yake kwa Asa Gray ya mwezi wa Mei, 1860, aliandika kwamba alishindwa kusadiki kuwa Muumba mwenye rehema angewakusudia makusudi nyigu ambao watoto wao hulishwa ndani ya miili ya viwavi wangali hai. Darwin aliona uzito wa swali akaliacha wazi. Wengine waliokuja baada yake hawakuwa na subira hiyo. Walilifanya swali kuwa jibu, wakasema kwamba yaliyo katika majani ndiyo yapasayo kuwa mijini.

Kosa la hukumu hii ni jepesi kuonwa, lakini ni zito kwa matokeo. Kutoka katika maneno kwamba buu hana hatia haifuati kwamba mtu hana hatia. Buu hana hatia kwa sababu hana njia ya pili. Hawezi kusimama juu ya jani, taya zake zikiwa zimefunguliwa, akajiuliza kama amwache kidukari huyu kwa ajili ya udogo wake. Hana kabla ya tendo lake ile nafasi, hata iwe fupi kama kufumba jicho, ambamo tendo lingine lingeweza kuchaguliwa. Katika nafasi hiyo ndimo wema na ubaya vinamokaa. Mwanadamu anayo. Pengine huitumia vibaya, pengine huikimbia, pengine husema kwamba hakuwa nayo. Lakini anayo, na kwa sababu anayo hawezi kujificha katika mfano wa mdudu.

Hapa swali la kwanza hurudi likiwa na uzito mpya. Kama hukumu ya faida ingebaki shambani, isingekuwa na ubaya mkubwa kumwita mdudu mmoja rafiki na mwingine adui. Lakini lugha ya shamba haikai shambani. Mtu aliyezoea kuvigawa viumbe mafungu mawili, vya kufuga na vya kuangamiza, huweza siku moja kufundishwa kuwagawa watu hivyo hivyo. Afrika ya Mashariki inalijua jambo hili kwa machozi. Nchini Rwanda, kabla ya mauaji ya mwaka 1994 na katika siku zenyewe za mauaji, gazeti la Kangura na redio RTLM viliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Muda wa siku kama mia moja mamia ya maelfu ya watu waliuawa, walio wengi wakiwa Watutsi. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, iliwatia hatiani waasisi na viongozi wa vyombo hivyo. Mapanga yalishikwa na mikono mingine, lakini mahakama iliona kwamba neno nalo ni tendo. Anayeitwa mdudu huwa amekwisha kunyimwa swali la kama ana haki ya kuishi. Linalobaki ni swali la jinsi ya kumwondoa.

Na si katika mauaji peke yake. Kipimo cha faida huingia nyumbani kwa mlango wa adabu na heshima. Mzee aliyelima miaka hamsini, sasa mikono yake yatetemeka: anafaa nini? Mtoto aliyezaliwa na kilema, mgonjwa asiyetazamiwa kupona, mgeni asiye na kazi: wanafaa nini? Kama kinachofaa ndicho chema, na kisichofaa hakina wema, basi hawa wamo mashakani, na kila mtu mwenye nguvu leo yuko njiani kwenda kuungana nao. Mbawakimia husifiwa maadam vidukari wapo. Vidukari wakiisha hakuna amkumbukaye. Yamkini hiyo ni haki kwa mdudu, ambaye hajui kama alisifiwa. Kwa mtu ni dhuluma, kwa kuwa yeye hujua siku sifa ilipokoma.

Yaweza kujibiwa kwamba wema usio na faida ni jina tupu. Mtu wa kusema hivyo atauliza: yafaa nini huruma isiyomlisha mwenye njaa? Jibu lake ni kwamba swali hilo ni la haki, lakini limeweka tunda mahali pa mzizi. Wema wa kweli hutafuta kufaa, na usipotafuta una kasoro. Walakini mti hauwi mti kwa sababu ya tunda peke yake. Mwaka wa ukame hauzai, nao ni mti. Atendaye wema akashindwa kuleta faida bado ametenda wema. Alioleta faida bila ya kukusudia, kama buu katika pamba, ameleta faida tu. Wahenga waliposema tenda wema uende zako, hawakusema ungoje uone kama umefaa kitu.

Yaweza pia kusemwa kwamba, kama mdudu hana wema wala ubaya, basi mtu yuko huru kumtenda apendavyo. Hili nalo halifuati. Asiye na hatia hapungukiwi na haki ya kutazamwa kwa uangalifu, pengine huongezewa. Mkulima awaachiaye mabuu shambani ameanzisha mauaji kwa mikono isiyo yake, na lawama au sifa ya mauaji hayo haimwendei buu. Humwendea aliyefungua chombo akawamwaga. Vivyo hivyo kwa yule achaguaye sumu, ambayo aghalabu huwaua vidukari na simba wao pamoja. Wote wawili huenda wana sababu njema, kwa kuwa watu lazima wale. Linalotakiwa kwao ni kusema kwa uaminifu wanalolifanya: kwamba wanaua ili waishi, na kwamba wamechagua njia hii badala ya ile kwa sababu zinazoweza kutajwa mbele ya watu. Kusema kwamba mdudu mwema amemwua mdudu mbaya ni kuyatoa matendo yao mikononi mwao na kuyatia katika taya za kiumbe kisichoweza kujibu.

Basi lugha iliyo safi zaidi ni nyenyekevu zaidi. Buu wa mbawakimia ana faida kwa mwenye pamba. Ana madhara kwa mwenye lakiri. Kwa nafsi yake ana njaa. Maneno haya matatu ni ya kweli yote, na hakuna hata moja linalohitaji neno wema au neno ubaya. Maneno hayo mawili yafaa yahifadhiwe mahali yanapoweza kubeba maana yake yote, yaani kwa kiumbe ambacho kati ya njaa yake na tendo lake mna nafasi ya kuuliza. Yakitumiwa ovyo kwa wadudu, huchakaa; na yaliyochakaa kwa wadudu hayatafaa siku yatakapohitajiwa kwa ajili ya watu.

Usiku mwingine mdudu wa kijani atakuja tena kwenye taa ya msomaji, akatua ukingoni mwa ukurasa na macho yake ya dhahabu. Nyuma yake mna miili mamia aliyoifyonza, ambayo hana kumbukumbu nayo kwa kadiri ijulikanavyo, wala hana toba ya kuifanya. Haombi shukrani wala hastahili laana. Msomaji aweza kumwondoa taratibu kwa kipande cha karatasi akamtoa nje dirishani, au aweza kumpiga kwa kiganja. Mdudu hana la kuchagua katika jambo hilo, msomaji analo.